UZI: Kiongozi anauthamini vipi uhai wa mwenye ulemavu? Hotuba wekeni kando, someni fomu

#1 Karani wa Kale

Wakuu, kila kiongozi akiropoka kuhusu watu wenye ulemavu mitandao inawaka siku tatu, anaomba radhi kwa shingo upande, yanaisha. Maneno yana uzito wake, sibishi. Ila anayetaka kujua kiongozi anauthamini vipi uhai wa mwenye ulemavu atapoteza muda akihesabu matusi. Atafute karatasi tatu: fomu inayojazwa na mtumishi wa chini, vigezo vya nani atibiwe kwanza, na jedwali la gharama. Huko ndiko watu wanakofia, na lugha ya huko mara nyingi ni ya upole kabisa.

Naanza na mfano mbaya kuliko yote kwa sababu nyaraka zake zipo. Ujerumani, Oktoba 1939, Hitler alitia saini barua fupi ya kuwapa Philipp Bouhler na daktari Karl Brandt mamlaka ya kuteua madaktari watakaotoa "kifo cha huruma". Tarehe ya barua ikarudishwa nyuma hadi 1 Septemba 1939, siku vita vilipoanza. Haikuwa sheria, na hakuna bunge lililoipigia kura. Ofisi ya mpango ikawekwa Berlin, Tiergartenstraße namba 4, ndipo likatoka jina T4.

Kazi ilikwendaje? Hospitali za magonjwa ya akili na makao ya watu wenye ulemavu yalipelekewa fomu ya kila mgonjwa: anaumwa nini, amekaa muda gani (waliofikisha miaka mitano waliorodheshwa hata kama ugonjwa wao haumo kwenye orodha), ndugu zake wanamtembelea, ni wa asili gani, anafanya kazi gani. Nakala zikaenda kwa wakaguzi watatu ambao hawakumwona mgonjwa hata mara moja. Alama ya kujumlisha kwa penseli nyekundu: afe. Alama ya kutoa kwa penseli ya bluu: aishi.

Kuna jambo hapo ambalo wengi hulipita. Hospitali hazikuambiwa fomu ni za nini. Baadhi ya wakuu wa hospitali walidhani serikali inasaka vibarua wa vita, wakaogopa kunyang'anywa wagonjwa wanaolima shamba na kufua nguo za wodi, wakaandika kwamba hawawezi kazi. Walitaka kuwabakiza, wakawa wamewaandikia kifo.

Vituo vya gesi vilikuwa sita: Grafeneck, Brandenburg, Hartheim, Sonnenstein, Bernburg na Hadamar. Kwa hesabu yao wenyewe, hadi Agosti 1941 waliouawa ni 70,273. Hesabu hiyo ilikutwa Hartheim mwaka 1945, na pembeni yake pameandikwa fedha ambazo serikali ingeokoa kwa miaka kumi, zaidi ya Reichsmark milioni 885, zimechambuliwa hadi viazi, mkate na jemu. Askofu Clemens August von Galen aliyasema hadharani kanisani Münster tarehe 3 Agosti 1941, na tarehe 24 Hitler akaamuru gesi isimame. Mauaji hayakusimama. Yalihamia wodini, kwa njaa na dawa za usingizi zilizozidishwa. Ndiyo maana amri ya "kusitisha" mimi huisoma sambamba na bajeti ya chakula.

#2 Njia Panda

Mkuu, ukianza na Hitler umeufunga mjadala kabla haujafunguka. Kila kiongozi wa leo atasema "mimi si huyo" na atakuwa anasema kweli. Tuletee nchi zenye bunge, mahakama na magazeti huru.

#3 Bi Kifungu

Zipo tele, Njia Panda, na nyingine zilitangulia.

Uingereza, mwaka 1910: Winston Churchill akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alimwandikia Waziri Mkuu Asquith kwamba kuongezeka kwa watu aliowaita wenye akili dhaifu ni hatari kwa taifa. Sheria ya 1913 haikuweka kufunga watu kizazi, ila iliruhusu kuwafungia makaoni. Mbunge Josiah Wedgwood aliipinga kifungu kwa kifungu, vikao vikiingia usiku. Kwa hiyo ile hoja ya "enzi zile kila mtu aliamini hivyo" haisimami. Kulikuwa na mbunge ukumbini mle mle aliyeona kosa.

Marekani: jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya kufunga kizazi kwa lazima mwaka 1924, kisha likatafuta mtu wa kuijaribia mahakamani. Wakampata Carrie Buck, binti aliyekuwa amefungiwa makaoni. Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba sheria ni halali, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vyatosha. "Kizazi cha tatu" ni Vivian, mtoto wa Carrie, aliyepimwa akili akiwa na miezi michache tu. Alipoanza shule aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya wanafunzi bora. Wakili aliyepewa kumtetea Carrie hakuita shahidi hata mmoja. Waliofungwa kizazi Marekani nzima kwa sheria za namna hiyo walizidi 60,000, na hukumu ile haijawahi kutenguliwa rasmi.

Sweden ni somo la jinsi neno "ridhaa" linavyoweza kuoza. Kati ya 1935 na 1975 watu kama 63,000 walifungwa kizazi, na kwenye makaratasi wengi wao walikubali. Mtu aliambiwa asaini ndipo atoke makaoni, au asaini ndipo apate kibali cha kutoa mimba. Saini ipo, hiari haipo. Fidia ilipokuja mwaka 1999 ilikuwa kronor 175,000 kwa mtu.

Japani haikujificha hata nyuma ya saini. Sheria yake ya uzazi ya 1948 ilipendekezwa na wabunge wenyewe. Mwaka 1953 wizara ilitoa waraka kwamba, ikibidi, mtu anaweza kufungwa kamba, kulazwa kwa dawa au kudanganywa ili apasuliwe. Takriban 25,000 walifungwa kizazi, 16,500 kati yao bila ridhaa, na sheria ikadumu hadi 1996. Mahakama Kuu ilisema inakiuka katiba tarehe 3 Julai 2024, Waziri Mkuu Kishida akaomba radhi mwezi huohuo. Fidia iliyopitishwa mwaka huo ni yeni milioni 15 kwa mwathirika. Ile ya 2019 ilikuwa milioni 3.2. Tofauti hiyo haikutokana na huruma ya mtu. Serikali ilikuwa imejificha nyuma ya kikomo cha miaka 20 cha kufungua madai, na mahakama ikakataa kikomo hicho kitumike dhidi ya watu hawa. Mkisoma sheria yoyote ya fidia, anzeni na kikomo cha muda. Kiwango cha fedha kije baadaye.

#4 Hesabu Kali

Mmezungumza kisu, ngoja niongezee nyama upande wa kikokotoo. Huku kiongozi hana haja ya kumchukia mtu yeyote.

Kipimo kinaitwa QALY, yaani mwaka wa uhai uliopunguzwa au kuachwa mzima kulingana na "ubora" wake. Mwaka wa afya kamili ni 1, kifo ni 0. Chukua ugonjwa ambao dawa yake inaongeza miaka 10 kwa gharama ya 200,000, fedha yoyote ile. Kwa kundi lenye alama 1.0 unapata QALY 10, kila moja 20,000. Kwa kundi linalotumia kiti mwendo, tuseme limepewa 0.5, unapata QALY 5, kila moja 40,000. Kikomo cha serikali kikiwa 30,000, kundi la kwanza dawa imepita, la pili imekataliwa. Dawa ni ileile na miaka ni ileile.

Tusipotoshe lakini. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayopima dawa zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma, na ambayo kwa muda mrefu ilitumia kikomo cha pauni 20,000 hadi 30,000, haikai kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Inapima dawa kwa kundi. Kwa hiyo mwenye ulemavu anayeugua ugonjwa wa kila mtu hapo haumii. Anayeumia ni yule ambaye ugonjwa wenyewe ndio ulemavu, na dawa inamrefushia maisha bila kumuondolea ulemavu. Dawa ikimponya kabisa inapata alama nyingi. Ikimwacha hai jinsi alivyo, inapata chache.

#5 Njia Panda

Hiyo 0.5 inatoka wapi? Nani kakaa akaamua?

#6 Hesabu Kali

Swali zuri, maana 0.5 yangu ni ya mfano tu. Dodoso linalotumika sana ni EQ-5D. Lina mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mawili ya mwanzo yanakata alama za mtu wa kiti mwendo hata kama haumwi popote na maisha yake anayafurahia.

Thamani za kila hali hupatikana kwa kuwauliza watu wa kawaida, ambao wengi hawajawahi kuishi hivyo: "Kati ya miaka 10 ya hali hii, ungekubali kutoa mingapi upate iliyobaki ukiwa mzima?" Anayejibu huwazia siku ya kwanza ya ajali, wala si mwaka wa nane. Ndiyo sababu alama za walioulizwa kwa kubuni mara nyingi ni za chini kuliko za wanaoishi na hali yenyewe. Zipo hali zinazotoka chini ya sifuri, kwa maana ya "afadhali kufa", na namba hiyo inaingia kwenye hesabu kama namba nyingine yoyote.

Wapo wanasiasa waliowahi kuikataa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipanga foleni ya matibabu ya watu maskini kwa kutumia maoni ya wananchi kuhusu ubora wa maisha. Mwaka 1992 Waziri wa Afya wa Marekani, Louis Sullivan, alikataa mpango huo kwa kuwa uligongana na sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu. Oregon ikarekebisha, ikaruhusiwa 1993. Mbadala upo na si mgumu: kila mwaka wa uhai unaoongezwa uhesabiwe sawa kwa wote, kisha nafuu ya dalili ihesabiwe kivyake.

#7 Wodi Namba Nane

Nakuja na vigezo vya dharura, maana ndipo uamuzi unapochukua dakika.

Machi 2020 NICE ilitoa mwongozo wa korona uliotumia kipimo cha udhaifu chenye ngazi 1 hadi 9. Kuanzia ngazi ya 5, daktari aangalie kama chumba cha mahututi kinamfaa mgonjwa. Kipimo kilitengenezwa kwa wazee. Ngazi ya 7 ni mtu anayemtegemea mwingine kabisa kwa kuoga, kuvaa na kadhalika. Kwa mzee wa miaka 85 utegemezi huo huja mwili ukielekea ukingoni. Kijana wa miaka 25 mwenye mtindio wa ubongo amevalishwa nguo tangu utotoni, na moyo na mapafu yake vinaweza kuwa salama kabisa. Karatasi inawapa ngazi moja. Mwongozo ulitoka tarehe 20, ukarekebishwa tarehe 25: kipimo kisitumike kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye ulemavu wa kujifunza, usonji au hali kama mtindio wa ubongo. Siku tano, baada ya familia na mashirika kupiga kelele.

Alabama walikuwa na mpango wa 2010 uliosema wenye ulemavu mkubwa wa akili huenda wasifae kuwekewa mashine ya kupumulia. Ulikaa miaka kumi, ukaondolewa Aprili 2020 ofisi ya haki za raia ya wizara ya afya ya Marekani ilipoingilia. Mwongozo wa New York wa 2015 ulikuwa na mtego mwingine: mtu anayeishi kwa mashine yake, akiletwa hospitali ya dharura, aliingia kwenye foleni moja na wengine, na mashine ingeweza kwenda kwa mgonjwa mwingine. Hebu fikiria mtu anayeogopa kwenda hospitali kwa sababu atanyang'anywa pumzi aliyokuja nayo.

#8 Njia Panda

Nitasema lisilopendwa. Mashine ziko tano, wagonjwa kumi. Lazima mtu akose. Mkikataa kila kigezo mnamwachia daktari bahati nasibu, au mnamwachia mwenye mjomba wizarani.

#9 Wodi Namba Nane

Hakuna aliyekataa kila kigezo. Kigezo kinachotetewa ni kimoja: uwezekano wa kupona tatizo hili la sasa na kutoka hospitali, kwa kumpima mtu mwenyewe. Miaka atakayoishi baadaye isiingizwe, wala nani atakuwa na maisha "mazuri" zaidi.

Hata hicho kina mahali pa kuharibikia. Alama nyingi za mahututi hutumia kipimo cha fahamu cha Glasgow, 15 ikiwa juu kabisa: macho 4, sauti 5, mwendo 6. Mtu asiyeongea tangu kuzaliwa anapata 1 kwenye sauti akiwa macho na mwenye akili timamu. Jumla 11. Ukiipeleka 11 kwenye alama ya SOFA, inayohesabu viungo vya mwili vinavyoshindwa kazi, tayari ana pointi 2 za "ubongo kushindwa". Kama mkono haufuati amri kwa sababu ya misuli kukakamaa na ukampa 4 badala ya 6, jumla inashuka hadi 9 na pointi zinapanda kuwa 3. Hajaanza kuumwa, na keshashuka kwenye foleni. Dawa yake ni kulinganisha na hali yake ya kila siku: kama jana nyumbani alikuwa 11 na leo ni 11, ubongo haujapungukiwa kitu. Lazima hili liandikwe ndani ya mwongozo, kwa sababu daktari wa zamu hana muda wa kulivumbua.

#10 Bi Kifungu

Na Kanada je? Kifo cha kusaidiwa kiliruhusiwa 2016 kwa wale ambao kifo chao cha kawaida kilikuwa kinatarajiwa. Machi 2021 bunge liliongeza njia ya pili, kwa mtu mwenye ugonjwa au ulemavu usioponyeka ambaye hayuko karibu kufa. Tathmini yake ichukue siku 90 au zaidi, na aelezwe huduma zilizopo za kumpunguzia mateso. Soma kitenzi hicho: aelezwe. Sheria haisemi apewe. Nyumba yenye njia ya kiti mwendo au msaidizi wa nyumbani vinaweza kuchukua muda mrefu kuliko siku 90, na hapo njia ya kufa inakuwa fupi kuliko njia ya kupata bafu analoweza kuingia.

Ofisi ya bajeti ya bunge la Kanada ilikokotoa Oktoba 2020 kwamba upanuzi huo ungepunguza matumizi ya afya kwa dola milioni 62 zaidi mwaka 2021. Kwa haki yao, waliandika palepale kwamba hesabu isichukuliwe kama pendekezo la kubana matumizi. Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu iliitaka Kanada ifute njia ya pili.

#11 Njia Panda

Ila useme pia nani alipeleka kesi iliyofungua njia hiyo ya pili. Jean Truchon, aliyeshinda Quebec mwaka 2019, alikuwa na mtindio wa ubongo. Alidai haki ya kuamua mwenyewe. Kumwambia "tunakulinda" ni kumfanya mtoto.

#12 Bi Kifungu

Kweli, na wenye ulemavu wenyewe hawako upande mmoja. Lakini angalia milango iliyofunguka na ya nani. Mtu mzima asiye na ugonjwa wala ulemavu anayeteseka kwa talaka au madeni akitaka kufa, serikali inampelekea mshauri. Mwenye ulemavu akisema hivyohivyo anafunguliwa jalada la siku 90. Uhuru ukitolewa kwa kundi moja tu, niruhusu niulize serikali imeonaje uhai wa kundi hilo.

#13 Karani wa Kale

Naongeza maafa, maana yanasahaulika. Tetemeko na mawimbi ya Machi 2011 yalipopiga Japani, vifo vya wenye ulemavu maeneo yaliyoathirika vilikadiriwa kuwa takriban maradufu ya kiwango cha watu wote. Halmashauri zilikuwa na orodha za wanaohitaji msaada, lakini zilikaa kabatini kwa hoja ya siri za watu, na vikundi vya misaada vilipoziomba vikanyimwa. Minamisoma ni kati ya chache zilizozitoa. Sheria ikabadilishwa 2013 ili orodha ziwe lazima, na 2021 halmashauri zikatakiwa zijitahidi kuandaa mpango wa mtu mmoja mmoja: nani anambeba, kwa njia ipi, anakwenda kituo kipi chenye umeme wa mashine yake.

Nchi hiyohiyo, 26 Julai 2016, watu 19 wenye ulemavu waliuawa kwa kisu makaoni Sagamihara na mtu aliyewahi kufanya kazi hapo. Miezi mitano kabla alipeleka barua kwenye makazi ya spika wa bunge akieleza atakachofanya na kuomba serikali imuunge mkono. Alilazwa hospitali kwa amri, akaachiwa baada ya takriban wiki mbili. Huyo alidhani viongozi watamshukuru. Njia Panda, hapo ndipo ninaporudisha uzito wa maneno niliyoyaweka kando mwanzoni: muuaji huwa anasikiliza viongozi wanapozungumzia "mzigo".

#14 Njia Panda

Sawa, nimekubali nusu. Sasa mtu akikutana na mgombea amuulize nini? Maana "unawapenda watu wenye ulemavu?" kila mmoja atajibu ndiyo.

#15 Karani wa Kale

Usiulize anawapendaje, omba kiambatisho. Mwongozo wa dharura wa hospitali, toleo la tarehe gani, na nani mwenye ulemavu aliupitia kabla haujachapishwa? Ukiambiwa ni siri, umeshajibiwa. Kisha mkumbushe Ibara ya 25(f) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, inayokataza kumnyima mtu matibabu, chakula au maji kwa sababu ya ulemavu, na umuulize mtu akinyimwa usiku wa Jumamosi rufaa anaipeleka kwa nani na inajibiwa baada ya saa ngapi. Rufaa ya siku 14 kwa mgonjwa anayekosa hewa haina kazi. Muulize pia kama vifo huhesabiwa kwa ulemavu. Uingereza ilijua kuwa karibu sita kati ya kila watu kumi waliokufa kwa korona mwaka 2020 England walikuwa na ulemavu kwa sababu tu rekodi za vifo ziliunganishwa na za sensa. Pasipo kuunganishwa, hata waziri mwenye nia njema hana cha kuona.

Kwa wa bara letu, Itifaki ya Umoja wa Afrika ya 2018 ya haki za watu wenye ulemavu inataja wazi mila zenye madhara, pamoja na mauaji ya kishirikina. Muulize kama nchi imeiridhia, halafu kesi ngapi zimefika hukumu. Kukamatwa usikuhesabu.

#16 Wodi Namba Nane

La mwisho kwa familia, lisingoje mgombea. Andikeni karatasi moja ikae kwenye faili na nakala kwenye mfuko wa kiti: anawasiliana vipi (macho, kibao, ishara), alama yake ya Glasgow siku ya kawaida, kiwango chake cha oksijeni akiwa mzima, mashine ni mali ya nani na namba yake, nani anamsaidia kuamua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kama hakuna amri yoyote ya kutomshtua moyo ukisimama aliyoikubali, iandikwe hivyo na tarehe. Mwaka 2020 Uingereza amri hizo zilikutwa kwenye mafaili ya watu ambao wao wala ndugu zao hawakuulizwa, kwa hiyo kila akilazwa ombeni kuliona faili kabla hamjaondoka wodini.